Kwa Nini Mzee Drani Alikataa Kuoga

Nyumba ya wazee, upande wa Oli, Arua

Kwako Poni, dada yangu mdogo ambaye siku hizi una mvi kunizidi,

Goti lako linasemaje? Na kile kikohozi? Mvua imefika Koboko, au mnaangalia mawingu tu? Mimi ni mzima, ila meno yamebaki mawili na hayaelewani: moja juu kushoto, jingine chini kulia. Chakula kipo, na redio ya kugombania ipo, hasa wale mashabiki wa timu ya Onduparaka wakishikwa na wazimu wao.

Sasa nikupe habari ya jirani yangu wa kitanda, Mzee Drani, mkulima wa Logiri. Alikuja hapa msafi kama sahani ya arusi. Lakini mhudumu wa zamani, mwanamume, alipoacha kazi na nafasi yake kushikwa na binti anaitwa Keji, Drani akakataa kuoga. Kabisa. Keji akija na beseni, mzee anajifunika blanketi mpaka kichwani. Wiki ya kwanza nilicheka. Wiki ya pili nikasogeza kitanda changu dirishani, nikampa jina la Beberu kwa kunuka kwake, na wazee wote wakalishika. Bora ulisikie kwangu kabla ya kulisikia kwa watu.

Matroni, mkubwa wa nyumba hii, akasema, "Huyu akili imekwisha. Ijumaa tunamrudisha kwao."

Kwao wapi? Mke amekufa, watoto wako Kampala, na huko Logiri imebaki nyumba yenye kufuli. Mkono wake mmoja umepooza. Nani atamwinulia sufuria?

Unajua pua yangu na mambo ya wenzangu. Nikaanza kuchunguza. Matroni akileta chai, Drani anakunywa na kuzungumza. Akileta Keji, anavuta miguu ndani ya blanketi, anageukia ukuta, chai inapoa. Siku moja Keji alitokea mbele yetu njiani, na mzee nusura aanguke mtaroni na fimbo yake kwa kumpisha. Mtu mzima anamwogopa binti mwembamba vile? Nikafikiri labda anampiga. Nikamshika Keji palepale.

"Binti, umemfanya nini huyu mzee?"

"Babu, sijamgusa hata kidole!" Machozi yakamtoka. "Mimi naona ananichukia tu."

Nikaenda kwa Drani. "Yule mtoto anakupiga?"

"Hapana."

"Anakuibia sukari?"

"Wewe mutu ya Koboko, toka hapa."

"Nitokeje? Harufu yako imesimama mlangoni."

Akacheka kidogo, kisha akainama sikioni kwangu. "Ule iko mama mkwe yangu."

Poni, Keji hajafika miaka thelathini! Nikajua kweli akili imekwisha. Lakini akanieleza polepole. Mama wa marehemu mkewe alizaliwa nyumba moja na kina Keji, na kwa ukoo Keji ni dada mdogo wa yule mama.

"Mimi nivue nguo mbele ya mama mkwe?"

"Sasa kwa nini hukusema?"

"Nikisema watamwondoa. Mutoto amepata kazi juzi. Afadhali ninuke."

Na mtu huyu ndiye niliyempa jina la Beberu.

Nikaenda kwa matroni, nikamwambia kwanza aahidi kwamba Keji hatapoteza kazi. Akaahidi. Nikamweleza. Akacheka, kisha akaacha kucheka ghafla. "Na mimi nimeshaandika kuwa ni kichaa," akasema. Akamwita Keji. Yule binti alifunika mdomo kwa mkono, wala hakuhitaji kufundishwa. Alileta maji ya moto mpaka mlangoni, akapiga magoti akiwa ametupa mgongo, akasema, "Mkwe, maji iko tayari. Mimi naenda."

Ndani Drani akajibu, "Asante, mama."

Nilimwosha mimi. Maji yalitoka na tope kama mto wa Oli siku ya mvua. Nikaanza kumwomba msamaha kwa lile jina. Akasema, "Sugua kwanza."

Ijumaa ikapita bila gari kuja. Keji amehamia upande wa wanawake, na kwetu ameletwa mwanamume. Matroni naye sasa anapita kitanda kwa kitanda akiuliza, "Mzee, wewe una haya na nani?" Aliponifikia nikamjibu sina haya na mtu, aulize Koboko nzima. Akasimama tu, kalamu mkononi. Ndipo nikamwambia ukweli, na wewe nakuandikia uleule.

Niliwaambia nyote kwamba nimekuja hapa kukimbia kelele za wajukuu. Uongo. Baada ya nyonga yangu kuvunjika, mke wa mwanangu ndiye aliyekuwa akiniosha, kila asubuhi, kwa upole, na kila asubuhi nilifumba macho mpaka amalize. Sikuweza kumwambia. Nikapanda gari bila hata kumuaga, na najua anadhani alinikosea.

Nisalimie shemeji, huyo mume wako mvivu. Wasalimie wajukuu na imamu wetu, na yule fundi baiskeli jirani anayeniombea kifo. Lakini kabla yao wote nenda kwa mke wa mwanangu, ukae naye chini, umwambie mikono yake haikuwa na kosa lolote.

Ni mimi kaka yako, niliyeoga leo,
Duku