Kilima Kabla Hakijashuka

Jumatatu, 11 Machi
Kutwa nzima nikiinua majengo ya katikati ya jiji kwenye ramani ya pande tatu. Picha za ndege ziko safi, ila miti inatoka kama uyoga. Bosi kacheka. Mdogo wangu kapiga simu: kwao kilimani mvua haijakata, mwanawe ana mafua, niende Jumapili nikamtazame. Nikamwambia nitakwenda.

Jumanne, 12 Machi
Kilima kimeshuka alfajiri. Upande mzima. Mdogo wangu na mtoto walikuwa ndani. Shemeji, mumewe, alikuwa zamu ya usiku kiwandani, ndiyo maana yu hai.
Simu ya mdogo wangu haipatikani. Nimepiga, nimepiga, mpaka wenzangu wakaninyang'anya simu.
Mchana mkuu wa waokoaji kaja ofisini. Kule ni tope tupu, hawajui hata nyumba zilisimama wapi. Anataka kilima kama kilivyokuwa. Picha tunazo, za mwaka jana. Bosi akataka kazi apewe mwingine. Nikakataa. Nani mwingine anaijua ile mitaa?

Jumatano, 13 Machi
Ramani imekamilika. Nyumba zote zimesimama tena kwenye skrini — mabati, matangi, hata kamba za nguo. Juu yake nikalaza vipimo vya tope vilivyoletwa na droni. Kwa mdogo wangu, tope limezidi kimo cha nyumba yenyewe.
Mkuu akasema mashine ya kuchimbia anayo moja. "Tuanzie wapi?"
Juu ni kwa mdogo wangu na majirani wawili. Chini kuna bweni la vibarua, watu tele, na tope halina kina. Nikaweka kidole kwenye bweni.
"Chini."
"Una uhakika?"
"Ninao."
Nikaenda chooni nikafungua bomba, nilie nisisikike.
Jioni shemeji kaja, tope hadi magotini. Nikamwambia ni mimi niliyesema chini. Akakaa, akatazama mikono yake. Kisha akasema: "Basi shem, nionyeshe kwangu ni wapi. Nitachimba mwenyewe."

Alhamisi, 14 Machi
Niko kilimani. Nimempimia shemeji, nikachomeka vijiti: mlango hapa, kitanda hapa. Akaanza kuchimba. Majirani wakaja na majembe, hakuna aliyewaita.
Kule chini wametoa watu wakiwa hai. Makofi, vilio, watu wanakumbatiana. Shemeji hakugeuka.
Tumefika kwenye bati. La bluu — ndilo lao.
Mkuu kapanda mbio, kaamuru mashine izimwe na kila mtu anyamaze, tusikilize kama kuna sauti chini. Naandika haya kwenye simu. Shemeji kalala kifudifudi, sikio juu ya bati. Anamwita mkewe taratibu, kama mtu asiyetaka kumwamsha mtoto.
Sasa ameninyooshea kiganja, ninyamaze, kama aliyesikia kitu.
Sijasema neno.