Uso wa Mama Gizani

Mama Wamae,

Maziwa yako kwa sufuria, yachemshe. Mpelekee mama yangu uji kitandani, leo asiingie jikoni. Mimi narudisha mashine ya video kwa Kingori aliyetuazima.

Asubuhi nilikupigia kelele bure. Kule Endarasha, siku ya kumrekodi mama, uliniambia nifunge dirisha nyuma ya mama na niwashe taa. Nikakujibu, ati wewe unajua nini juu ya kamera? Nilitaka lile shamba letu walilonyakua wakubwa lionekane nyuma yake akisimulia. Sasa nikiongeza mwanga kwenye kanda, shamba linakuwa jeupe kabisa, na uso wake unabaki giza la chengachenga. Miaka yote nawatukana wanyakuzi ati wanapenda ardhi kuliko watu. Leo mama akaitazama kanda, akauliza polepole, “Shamba naliona. Mimi niko wapi?” Ndipo nikakugeukia wewe.

~~Mwambie arudie Jumapili.~~ Hapana, usimwambie kitu. Alilia sana siku ile. Nitamwomba mwenyewe jioni, nimekaa chini kama mtoto wake. Akikataa, nitaionyesha kanda na giza lake, na watu wakiuliza ni nani aliharibu, nitasimama.

Baba Wamae