Siku ya Zamu Yako ya Kuangalia Mvua

Mpendwa mama mdogo,

Barua hii hutaisoma mwenyewe, utasomewa na mwanao Tatu. Kwa hiyo naanza na yeye. Tatu dada yangu, soma polepole, na ukifika pale panaponiaibisha usiruke wala usipunguze sauti kwa kunihurumia. Mama mdogo, ningeweza kungoja nije Kigoma, tukae mimi na wewe jikoni, nikunong'oneze. Nimekataa. Uliyoyabeba uliyabeba mbele za watu, na mimi nilinyamaza mbele za watu hao hao. Ndiyo maana barua yenyewe nimeiacha wazi, asikie anayetaka kusikia.

Unakumbuka nilivyofika Ikola ile likizo ya Desemba? Nilishuka kwenye lori la dagaa na baiskeli yangu ya kichina, niliyoivua madigadi na keria, nimevaa kaptula fupi ambayo uliiangalia ukacheka mpaka ukakaa chini. Ukauliza kama walimu wa Mpanda siku hizi wanagawiwa nguo nusu nusu. Nikakueleza habari za yule mzungu anayechimba visima Mpanda, kwamba kwao kuna mashindano ya michezo mitatu kwa mkupuo, na kwamba Juni tutayafanya hapa kwetu: kuogelea kilometa mbili ziwani, kutoka majini unapanda baiskeli hadi Mpanda, ukifika Mpanda unatupa baiskeli unakimbia kilometa ishirini na moja. Siku moja, bila kulala njiani. Ulinisikiliza mpaka mwisho, ukauliza, "Na mnafukuzwa na nani?"

Siku ile nililicheka swali lako. Leo nakujibu. Maisha yangu yote nilikuwa mwalimu wa kushika kamba ya kumalizia. Watoto wanakimbia, mimi nimesimama mwisho wa uwanja na kamba mkononi na kalamu sikioni, naandika nani wa kwanza. Nilikuwa na miaka thelathini na nne na sijawahi kuikata kamba ile kwa kifua changu. Nilianza kukimbia kandokando ya reli alfajiri, wanafunzi wangu wananiita kwa majina nisiyoweza kuyaandika hapa. Baiskeli haikunipa shida, nani kwetu hajaendesha baiskeli siku nzima. Tatizo lilikuwa maji. Mimi mtoto wa Litapunga, maji nayajua ya kisimani. Mto Katuma una viboko na mamba, na tulipokuwa wadogo tulifundishwa kuukimbia, si kuuingia.

Ukanifundisha wewe. Wanawake wote wa mwaloni, pale ufukoni mitumbwi inapofikia, walikuwa wanatuangalia, na wewe umejifunga kanga kifuani, umenishika tumboni kwa mikono miwili kama mtoto anayeogeshwa, mtu mzima na ndevu zangu. Siku tatu nzima ulinifundisha kutoa pumzi majini tu. Nilipopaparika uliniambia, "Acha kuyapiga maji, hayajakukosea." Wiki ya pili nikaanza kwenda. Nilikuwa naweza kuvuta pumzi upande wa kushoto tu, upande wa kulia nilikuwa nakunywa ziwa. Basi ukawa unaweka mtumbwi kushoto kwangu daima, unapiga kasia taratibu, umenigeukia. Ulisema huniondolei macho hata kidogo, kwa sababu dada yako ana mtoto wa kiume mmoja tu.

Hapo ndipo kosa langu lilipopatia nafasi. Ulikuwa unaniangalia mimi, na milima ya nchi kavu ilikuwa mgongoni kwako.

Wengine watakaosikia barua hii huenda hawajui mambo ya mwaloni, kwa hiyo nieleze. Desemba ni wakati wa kupanda mahindi. Wanawake wa Ikola wanaanika dagaa asubuhi mchangani, kila mmoja na sehemu yake, kisha wanakwenda shambani wote isipokuwa mmoja. Huyo mmoja ana zamu. Kazi yake ni kuangalia mlimani. Wingu likionekana anapiga debe na kuita "Anueni!", na walioko mashambani wanateremka mbio. Dagaa aliyelowa kabla ya kukauka hafai tena, anageuka uji wa kulishia kuku. Zamu hapewi mtu hivi hivi. Wewe ulikuwa wa kwanza kupewa na wa mwisho kulaumiwa, na walikuwa wanasema ukiwa na zamu wewe, mtu anaweza kulima na roho yake imetulia.

Siku ile zamu ilikuwa yako. Dagaa walikuwa wengi kuliko siku zote, walikuwa wa mwisho kabla ya mbalamwezi kuwasimamisha wavuvi. Nami nilikuwa nimebakiza siku mbili nirudi Mpanda, na sijaogelea hata mara moja kutoka ule mwamba mweupe mpaka mwaloni bila kushika mtumbwi. Nilikubembeleza. Nilisema leo tu, mama mdogo. Ulitazama juu, jua lilikuwa kali, anga safi kila upande. Ukasita. Kisha ukasema twende, lakini nikufanyie kitu kimoja: wewe utakuwa umenitazama mimi, basi mimi ninapoinua kichwa kuvuta pumzi nikutazamie mlimani. Debe ukalipakia kwenye mtumbwi. Nikakubali haraka, kama mtu anayekubali kushikiwa mzigo.

Nusu ya njia nililiona. Nikavuta pumzi, nikaona uso wako, na nyuma ya uso wako, juu ya mlima, kuna kitu cheusi. Nikashusha kichwa. Pumzi ya pili kilikuwa kimepanda. Ya tatu kilikuwa wingu zima, tumbo limeshuka. Mikono yangu ilikuwa inakwenda vizuri siku ile, mama mdogo, haijawahi kwenda vile. Nilikuwa nahesabu. Nilijua nikisema tu utanivuta nishike mtumbwi, utapiga kasia kwa nguvu zako zote, na dagaa wataokolewa, na mimi nitarudi Mpanda sijamaliza.

Ndipo ukaniuliza. Ulisema, "Huko nyuma yangu kukoje?"

Nikasema, "Kweupe."

Sikupotewa na maneno, wala maji hayakuniziba masikio. Niliinua kichwa, nikalitazama wingu, nikakutazama wewe, nikasema kweupe. Ukaitikia kwa kichwa ukaendelea na kasia.

Upepo wa baridi ulipotupiga ndipo ulipogeuka. Mvua ilikuwa imeshafika kwenye mapaa ya nyumba. Nilingoja unitukane. Ulilipiga lile debe mara kadhaa, nani angelisikia na mvua ile, kisha ukaliweka chini. Hukuniacha majini uwahi pwani, ingawa ungeweza. Ulikaa pale pale kushoto kwangu, mvua inakunyeshea, mpaka miguu yangu ikagusa mchanga. Na nikiwa nasimama, kabla sijakumbuka kitu kingine chochote, nilifurahi. Nimemaliza, nilijiambia. Furaha ile ndiyo inayoniamsha mpaka leo kuliko hata uongo wenyewe.

Wanawake walikuja wakikimbia na majembe mabegani, matope mpaka magotini. Dagaa walikuwa wanaelea kwenye vidimbwi. Mama Sikudhani, jirani yako wa miaka yote, ndiye aliyeuliza ulikuwa wapi. Ukamwambia ulikuwa majini na mtoto wa dada yako. Akasema, "Yaani umeacha dagaa zetu nyie mkaenda kucheza maji?" Ukajibu, "Ni mimi. Zamu ilikuwa yangu, wingu sikuliona." Hukusema kwamba kuna mtu uliyempa macho yako. Hukugeuka kunitazama. Mimi nilikuwa nimesimama hatua tatu kutoka kwako na taulo shingoni, mwalimu ninayefundisha watoto wa watu kusema kweli, na mdomo wangu ulikuwa mzima kabisa.

Ulitoa gunia lako la akiba ukawagawia. Wakachukua. Lakini zamu hawakukupa tena. Niliondoka Ikola kesho yake, siku moja kabla, kwa kisingizio cha lori.

Juni ilipofika kila muogeleaji alitakiwa aje na mtumbwi wake na mtu wa kumsindikiza. Sikuona haya kukutumia ujumbe. Ukaja. Ziwa lilikuwa limechafuka kwa upepo, mawimbi yanakuja mafupi mafupi, mzungu mwenyewe alikuwa anajikuna kichwa. Katikati nikapotea. Nilikuwa sioni mwaloni, naona maji tu, nikaanza kupaparika kama wiki ya kwanza. Nikainua kichwa, uso wako uko pale kushoto. Nikapiga kelele kukuuliza mbele kukoje.

"Kweupe, baba," ulisema. "Njoo."

Nikakuamini bila kutazama. Nikashusha kichwa nikaenda, na kweli kulikuwa kweupe, watu wote wako pale wanapiga vigelegele. Sijui kama ulilichagua neno lile. Nimelitafutia mwiba miaka hii yote na sijauona. Uso wako ulikuwa uso wa mtu anayetaka mtoto wa dada yake afike. Kwenye baiskeli, kupandisha ile milima yote, nililia peke yangu, na waliokuwa barabarani walidhani ni jasho.

Jioni jua likiwa bado liko juu ya miembe ya mjini niliikata kamba kwa kifua, wa nne kati ya saba. Waliishika wanafunzi wangu. Mzungu akanishika mkono, akaniuliza mbele ya umati ni nani aliyenifundisha kuogelea hivi. Nikafikiri nikitaja jina lako kutakuwa na mtu wa Ikola pale, ataanza habari za dagaa, na habari za dagaa zitafika kwangu. Nikasema nilijifunza mwenyewe. Watu wakapiga makofi. Cheti kimetundikwa sebuleni, na mama yangu, dada yako, anakipangusa vumbi kila Jumamosi akikusifu wewe, maana yeye anajua aliyenifundisha ni wewe, na hajui kitu kingine.

Kisha nikasikia umehamia kwa Tatu. Ulimwambia mama umechoka na dagaa, unataka kupumzika. Mama aliamini. Mimi nilijua kwamba mtu aliyezoea kuwa macho ya wenzake amekaa msimu mzima akianika peke yake mwisho wa mwaloni, na akaona afadhali aondoke.

Hata hivyo nisingeandika. Nijisifu ukweli huu mmoja: nisingeandika kama mwezi uliopita nisingepitia Ikola kwa shughuli za shule. Nilikuwa nimekaa kwenye kivuli cha mtumbwi uliopinduliwa nangoja lori. Binti mmoja mdogo, ameolewa pale mwaka jana tu, alikuwa anamkabidhi mwenzake zamu. Akamwambia, "Angalia vizuri, usije ukatufanyia Umamatatu." Nikamuuliza Umamatatu ni nini. Akasema ni neno la hapa, maana yake uzembe. Nikamuuliza Mama Tatu mwenyewe ni nani. Akasema hamjui, labda ni mtu wa zamani.

Na mimi nikatabasamu, mama mdogo. Nilitabasamu kwa adabu, kama mgeni aliyefundishwa neno jipya. Kisha nikapanda lori.

Yaani jina la mwanao wa kwanza, jina ulilopewa siku uliyoitwa mama, wameligeuza kuwa tusi la mwaloni, na watakaolitumia kesho hawatajua hata lilitoka wapi. Mimi ndiye niliyeliweka pale. Tatu, na hapa usiruke. Nisamehe na wewe, jina lenyewe ni lako pia.

Nimeiandika barua hii mara mbili. Moja ndiyo hiyo mnayoisoma. Ya pili sitampa mtu aisome. Jumamosi hii naendesha baiskeli mpaka Ikola, nataka nifike mapema kabla wanawake hawajatawanyika kwenda mashambani, nami nitasimama mchangani pale pale nilipokuwa nimesimama na taulo, na kuwasomea kwa sauti ninayotumia darasani. Mama Sikudhani yupo. Binti yule yupo. Wakitaka kunicheka wanicheke, wakitaka kunifukuza kwa majembe nimeshajifunza kukimbia. Nitawaomba kitu kimoja tu, kwamba wakihitaji jina la kumwitia mzembe watumie langu, wamwambie mwenye zamu asije akawaambia kweupe kama mwalimu.

Cheti nimekishusha. Mama ameuliza kwa nini, nikamwambia ataelewa Jumapili nikirudi.

Siombi unisamehe kwenye barua, maana najua utanisamehe kabla Tatu hajaikunja, na huo ndio ubaya wako. Naomba tu unirudishie swali lako. Uliniuliza huko nyuma yako kukoje, na nimechelewa sana kukujibu. Kuna wingu, mama mdogo. Ni kubwa na linakuja. Geuza mtumbwi, niache mimi nitaushika ubavuni, uwahi dagaa za watu.

Mimi mwana wa dada yako,
uliyempa macho yako