Mkwaruzo Mmoja, Mikwaruzo Miwili

Mbotela, Nairobi
Jumapili, 18 Agosti 1996

Kwako dada yangu Nthoki,

Pokea salamu nyingi kutoka kwetu sote. Hamjambo huko Kitui? Shemeji na mgongo wake wanaendeleaje? Na Mbithe, bado anawakimbia kuku? Sisi huku tu wazima, ila mimi situlii. Tangu tutoke kanisani nimeinuka kwenye kiti hiki mara nne. Nimekunywa chai vikombe viwili, nimefika mpaka Jogoo Road bila shughuli yoyote, nikarudi. Ukiona mwandiko umekwenda upogo, usinisahihishe kama wanafunzi wako.

Jambo lenyewe ni hili. Unajua kwamba tangu mwaka jana, nikimaliza ukarani wangu pale uwanja wa ndege wa Wilson, huwa najifunza kurusha ndege. Sasa nimefika mahali pa kuchagua leseni. Kuna ya binafsi: unarusha ndege ndogo kwa raha zako na hakuna anayekulipa. Na kuna ya biashara, ndiyo ya kazi, ya abiria, ya mchana na usiku, ya mistari ya dhahabu mabegani. Mkubwa wangu amesema kampuni itanisomesha hiyo ya biashara mpaka mwisho, mradi nimpe jibu Ijumaa hii. Nikichukua ya binafsi, nitajitegemea, na kazini nitabaki karani yule yule.

Najua unacheka. Mtu wa Mbotela anakaa kufikiria jambo kama hilo? Mama amekwisha kunichagulia. Leo nje ya kanisa amewaambia kina mama wenzake kwamba mwakani Kapteni Kyalo atampeleka Mombasa kwa ndege, na Mama Wangeci tayari ameomba kiti cha dirishani. Nilikuwa nyuma yao nikitazama viatu vyangu. Mbugua, tunayefanya kazi na kujifunza urubani naye, anadhani nimerukwa na akili. Aliniuliza, "Buda, kwani unangoja nini? Watu wanalilia hiyo chansi." Ni Baba tu ambaye hakuwa amesema kitu. Alikuwa kibandani kwake, anachonga.

Wewe huwezi kudanganywa, Nthoki, basi niache kuzunguka. Unayakumbuka yale makopo ya rangi? Nilikuwa na miaka minane, Baba akanipa kasuku wa mbao niwapake rangi ya kijani, nami nikawapaka nyekundu wote sita, tena kwa bidii. Ukanikuta kabla hajarudi. Ukawasugua kwa mafuta ya taa, kisha ukachukua msumari ukayakwaruza makopo: mkwaruzo mmoja nyekundu, mikwaruzo miwili kijani. Tukakubaliana Baba asijue kamwe, maana mchongaji atajisikiaje mwanawe wa kiume wa pekee akiwa hatambui rangi? Mpaka siku ulipoolewa, msumari wako ndio uliokuwa macho yangu.

Daktari wa marubani ana kitabu chenye vidoa vya rangi, na ndani ya vidoa mna tarakimu. Mbugua alipimwa wiki moja kabla yangu. Nilimwomba anitajie tarakimu zote kwa mpangilio wake, nikisingizia woga wa mtihani, nikazikariri kama Zaburi. Daktari alipofungua kitabu, nilisoma upesi mpaka nikamshinda kufungua kurasa. Akaandika kwamba macho yangu hayana kasoro.

Halafu Alhamisi ya juzi Kapteni Gichuru, anayenifundisha, alishuka akaniacha niruke peke yangu kwa mara ya kwanza. Nilizunguka vizuri. Nikiwa najiandaa kutua, redio ikakatika. Redio ikikatika, watu wa mnarani wanakumulika kwa taa: kijani, tua; nyekundu, usitue, endelea kuzunguka. Taa niliiona, dada. Ilikuwa inawaka kabisa, inanitazama. Sikujua ni ya rangi gani. Nilibahatisha, nikatua.

Ilikuwa kijani. Walinimwagia ndoo ya maji, ndiyo desturi yao, na Kapteni akanisifu eti nina utulivu wa mzee. Na jambo ninaloona aibu zaidi kuliandika ni kwamba jioni hiyo bado niliitaka ile ya biashara. Nilijiambia kwamba redio hazikatiki kila siku.

Jana Baba aliniita kibandani. Alikuwa amechonga ndege ndogo, hata pangaboi yake inazunguka. Akanipa makopo mawili mapya, akaniambia nipake ncha za mabawa kama nilivyowahi kumweleza zilivyo taa za ndege za kweli: nyekundu kushoto, kijani kulia. Nikapaka huku nikimpigia mluzi. Akaitazama kwa muda mrefu. Nikamuuliza kama haikupendeza. Aliinama akaokota msumari, akalikwaruza kopo la kwanza mara moja na la pili mara mbili, akayaweka karibu na mkono wangu, akarudi kwenye kazi yake.

Kumbe miaka yote hiyo alijua, Nthoki! Tuliona tunamficha, kumbe ni yeye aliyekuwa akitufichia. Nilikaa pale chini kwenye vumbi la mbao nikalia, naye akaendelea kuchonga ili nilie kwa nafasi.

Huko juu hakuna wa kunikwaruzia makopo. Kesho asubuhi nitakwenda kwa daktari nimwombe afungue kitabu chake tena, nisome ninachokiona. Ya biashara imekwisha. Wakinipa ya binafsi, nitaruka mchana tu, mahali pasipo na mnara, bila abiria. Wakininyima hata hiyo, basi. Inaniuma sana, sikufichi. Mama bado hajui, na huyo ndiye ninayemwogopa. Tafadhali njoo Jumamosi ukae karibu nami nikimwambia.

Msalimie shemeji, na umbusu Mbithe. Mwambie babu yake ametundika ndege mlangoni mwa kibanda. Nilitaka kuzisugua zile rangi nizipake upya, Baba akakataa. Kijani iko kushoto, na kila mteja anayeuliza anaambiwa ndivyo mwanawe alivyoipaka.

Nakungoja.

Mdogo wako,
Kyalo