Sufuria Aliyoitoa Sancho

Kwa Hagar, Mashamba ya Mpunga,
Mto Combahee, Carolina Kusini.
16 Novemba, 1876.

Mpendwa kaka Renty,

Salamu nyingi kutoka kwetu. Hujambo huko Boston? Kifua chako kinaendeleaje, au baridi ya huko imeshaanza kukusumbua? Sisi ni wazima, na mpunga tumevuna vizuri. Phoebe wangu ameota meno ya mbele na anamng'ata kila anayembeba.

Habari za uchaguzi bila shaka zimekufikia, na kuna mtu atakuwa ameshakuandikia kwamba shemeji yako Sancho amewapigia kura mabwana wa zamani waliotumiliki utumwani. Ni kweli. Lakini nakuomba usimwandikie maneno makali kabla hujamaliza barua hii.

Siku chache kabla ya kura walikuja wale wapanda farasi wenye mashati mekundu, watu wa mabwana hao. Sancho alikuwa shambani. Hawakunigusa. Mmoja alimkuna Phoebe kidevu, akasema nyumba ya mbao huwaka upesi, wakaondoka wakicheka. Sancho aliporudi nilimwangukia miguuni. Alikataa katakata. Nikalia, nikamnyima usingizi, nikamwambia kama anampenda mtoto wake achukue karatasi ya kura wanayoichapa wao. Mwishowe akachukua.

Desturi yetu unaijua. Wanawake hatupigi kura, lakini siku hiyo tunasimama njiani kuwaangalia wanaume wetu wasiyumbe, kwa sababu kura ni ya nyumba nzima. Nami nilisimama. Rafiki yangu Hagar alipoiona karatasi ya mabwana mkononi mwa Sancho alipaza sauti: "Wee Sancho! Suruali hiyo umevaa ya nini? Mpe mkeo aivae!" Mwenzake akadakia: "Masikini Binah, mwana wa watu, kumbe kaolewa na kondoo!" Nikacheka nao, Renty. Sancho alinitazama mara moja tu, akapita.

Jumapili kanisa likamtenga. Kesho yake wanawake wakaja kunihamisha, maana mke hakai na mwanamume aliyeuza kura. Walikunja mablanketi yangu kwa upole, wakanipa pole. Nilingoja Sancho aseme ukweli. Aliingia ndani, akatoka na sufuria yangu ya chuma, akampa Hagar. "Ishike vizuri, shemeji, mpini wake umelegea," akasema. "Bila sufuria hiyo wali wa Binah hauivi."

Sasa nakaa kwa Hagar. Ananipakulia mimi kabla ya wanawe. Wewe ulikwenda vitani ili Sancho aweze kupiga kura kama mtu huru. Mimi ndiye niliyemgeuza, kisha nikamwachia aibu yote peke yake. Najichukia.

Nilifikiri nikuombe uyaandike haya wewe, maana barua zako husomwa kanisani mbele ya wote, nami ningeinamisha kichwa tu zikisomwa. Lakini huko ni kumtwika mwanamume mwingine mzigo wangu. Jumapili hii nitasimama mwenyewe niseme. Naogopa uso wa Hagar kuliko nilivyowaogopa wale wapanda farasi.

Nisalimie wifi Charity na watoto. Mungu akukinge na baridi hiyo na akurudishe kwetu siku moja.

Ukijibu, usiandike tena kwa Hagar. Andika kwa Sancho. Nitakuwa huko, kama atanifungulia mlango.

Ni mimi dada yako, nikupendaye,
Binah