Pochi ya Kuwadanganya Vibaka

Mwanangu wa kwanza, wewe uliye mbali,

Huku tu wazima, isipokuwa jogoo wa jirani, siku hizi anawika hata mchana, nadhani naye uzee umemwingia. Maneno haya ni yangu, mkono ni wa mdogo wako, maana unajua mama yako na kalamu hatujuani.

Pochi yangu imeibiwa. Usiruke! Si unakumbuka ninazo mbili? Ile ya kuwadanganya vibaka nimeijaza vifungo, sokoni naiweka juu ya kapu. Ya kweli inakaa kwenye mfuko nilioushona ndani ya gauni. Sasa juzi naoga, gauni liko msumarini. Mwizi kaipita ile ya vifungo hapo mezani, hata hakuigusa, kaenda moja kwa moja kwenye gauni. Kibaka gani huyo, mwenyeji hivyo?

Benki nimekwenda, kadi wameifunga, haitoi hata senti. Polisi akaniuliza, "Bibi, unamshuku nani?" Nikamwambia, "Mimi, mjukuu wangu, naona ukungu tu." Kikulacho ki nguoni mwako, lakini cha nguoni mtu hakipeleki polisi.

Shida ni kitambulisho. Jumatatu napasuliwa jicho, na bila hicho hospitali hawanipokei.

Mbona umeweka kalamu chini? Andika, baba. Andika hivi: aliyekichukua akiweke mezani, kando ya pochi ya vifungo. Kwa jicho hili, sitamwona.

Ni mimi mama yenu, nyinyi wote wawili.