Rido ya Mwenye Duka

Baba Taqwa,

Mama Riziki wa jirani anatangaza eti asubuhi nimerarua rido, lile pazia la dirisha la duka la televizyo, na kukutia haya mbele ya watu. Muongo. Niliifungua tu, tena polepole.

Ndagala ziko ndani ya sufuria, ongeza mawese kidogo. Taqwa asioge ziwani, bado anakohoa.

Wewe ulishaipenda ile televizyo ya OLED, ya bei kali. Na kweli, rido ikiwa imefungwa, nyeusi yake ilikuwa nyeusi kabisa, nzuri sana. Lakini jua lilipoingia tuliona nini mule ndani ya kioo chake? Sura zetu sisi wawili, na mwenye duka amenuna nyuma. Ile LED ya kawaida pembeni, ya bei ndogo, picha yake ilibaki wazi. Ukaniambia, "Mama Taqwa, hayo achia wanaume." Lakini sebule yetu inatazama ziwa, na mupira munauangalia jua bado kali, mulango wazi, watu wamejaa mpaka barazani. Tutawafungia rido wapikike kwa joto?

~~Unisamehe kwa vile~~ Hapana, nafuta. Siombi samahani.

Nimeenda kuchukua ile LED. Pesa itakayobaki tununue stabilizateri, umeme usituunguzie. Boksi ya televizyo iko kubwa, peke yangu siiwezi. Kuja dukani tuibebe wote, wewe mbele, mimi nyuma, tupite nayo katikati ya soko. Utakuja?

Mama Taqwa